Dole Gumba la Baba

Tangu apigwe na kiharusi, baba haongei. Tukimuuliza anaendeleaje anainua dole gumba, na mama anawaambia wageni, "Si mnaona wenyewe? Mgonjwa wetu yuko poa."

Jana mimi, mama na baba mdogo tulikuwa tunasogeza kabati ili kitanda chake kikae karibu na dirisha, nikakuta begi limejaa vumbi. Ndani kulikuwa na miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na yale mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni. Ni vitu vya ujana wake, enzi alipokuwa akipiga mbizi na baba mdogo. Mkanda wa miwani ulikatika nilipoushika tu.

Baba mdogo alicheka. "Shemeji, mumeo akivaa haya mapezi alikuwa anatembea kama bata."

Nikampelekea baba ile miwani. Akaitazama sana, halafu akainua dole gumba.

"Amefurahi," nikasema.

Baba mdogo akaacha kucheka. "Kule chini ya maji dole siyo poa. Poa ni hivi." Akaunganisha dole gumba na kidole cha shahada, vikawa duara. "Dole maana yake nataka kupanda juu, nitoeni huku."

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. Baba mdogo akamwonyesha baba lile duara, kama anamuuliza. Baba akatikisa kichwa kukataa, akainua dole tena, huku akitutazama mmoja mmoja.

Nikamshika ule mkono. Sikujua mtu anapandishwaje.