Sababu ya Ajali

Mwalimu Yustina alikuwa na uchovu ule usioondoka hata mtu alale siku nzima. Asubuhi alifundisha watoto sabini wa darasa la pili. Alasiri, badala ya kurudi nyumbani kwake Shangani anyooshe miguu, alikwenda kiwanda cha korosho kufundisha kisomo cha watu wazima, katika bwalo la chakula, ubao umeegemezwa kwenye magunia. Serikali ilikuwa imesema kila mfanyakazi ajue kusoma na kuandika. Kusema ni kazi nyepesi, na baada ya miaka minne Yustina alikuwa ameshaizoea tofauti yake na kutenda.

Wanafunzi wake wengi walikuwa Wamakonde na Wamakua waliovuka Ruvuma wakati wa vita vya Mreno. Kiswahili cha sokoni walikijua vizuri. Kile cha ofisini kilikuwa kitu kingine kabisa, na Yustina hakuwacheka, maana yeye mwenyewe alikipata Kiswahili shuleni huko Bukoba, tena kwa fimbo. Hawa a-e-i-o-u walishaiacha nyuma, gazeti walilisoma polepole, kwa hiyo alikuwa akiwafundisha karatasi za kazi: fomu ya likizo, fomu ya matibabu, fomu ya ajali.

Jumatatu moja Laurinda alimngoja langoni. Mumewe, Joaquim, alianguka na ngazi ghalani siku nne zilizopita akavunjika mguu. Hilo Yustina alilijua. Jipya lilikuwa barua ya kuachishwa kazi, iliyoletwa asubuhi ile. Laurinda hakulia. Aliuliza tu watakula nini, kisha akauliza tena, kana kwamba mwalimu hakusikia mara ya kwanza.

Yustina alikasirika. Darasa zima lilikuwa limechoka kumsikia Joaquim akiilalamikia ngazi ile kwamba imeoza. Akaenda moja kwa moja kwa Ndugu Stefano, afisa utumishi, na hata kiti hakungoja kukaribishwa.

Ndugu Stefano hakubishana naye. Alivuta faili, akatoa fomu ya ajali aliyoijaza Joaquim kitandani hospitalini. Mwandiko ulikuwa safi, herufi zimesimama vizuri, na kwa kitambo kidogo Yustina aliona fahari. Jina, sawa. Idara, sawa. Sehemu ya mwili iliyoumia, mguu wa kushoto. Halafu akafika penye sababu ya ajali, akasoma: *Uzembe wangu mwenyewe, sikuwa mwangalifu.*

Sentensi ile ilikuwa yake yeye. Miaka minne nyuma, siku ya kwanza ya kufundisha fomu hii, king'ora kilikuwa karibu kulia na chaki imebaki kipande. Akaandika ubaoni sentensi fupi kuliko zote, yenye kuenea kwenye mstari wa nukta. Hakuwahi kuibadilisha. Aliwaambia wabadilishe jina, wabadilishe tarehe na sehemu ya mwili, wakabadilisha. Kuhusu sababu hakuwaambia lolote, nao wakaishika jinsi ilivyo, wakidhani ni mali ya fomu kama maneno yaliyopigwa chapa juu yake. Kila aliyeinakili bila kuruka neno alimpa alama zote.

Alimweleza Ndugu Stefano yote hayo, uso ukimwaka kwa aibu. Yule bwana alisugua macho. Hakuwa mtu mbaya, naye pia alikuwa amechoka.

"Mwalimu, mimi nasoma kilichoandikwa," alisema. "Mtu akikiri kwa mkono wake, nimbishie?"

Wakaelewana Joaquim ajaze fomu nyingine kabla ya Ijumaa, na Yustina aandike barua ya kueleza kosa lake, nakala kwa ofisi ya elimu ya watu wazima. Aliiandika palepale. Alijua kabisa kuwa wale wanafunzi thelathini aliotangaza kuwa wamefuzu sasa watatiliwa shaka, na yeye pamoja nao.

Hospitalini kazi ilikuwa ngumu zaidi. Joaquim, mguu umo ndani ya plasta, alikubali kila kitu hadi alipofika kwenye sababu. Hapo kalamu iligoma. Yustina akamwambia aandike ilivyokuwa, yule akamtazama kama mtu anayetegwa.

"Hapa panaandikwa uzembe, mwalimu. Nikiandika lingine utanikosesha."

"Sitakukosesha."

"Ntihani ule ulinikosesha kwa neno moja tu."

Alikaa naye karibu saa mbili. Mwishowe Joaquim aliandika kwamba ngazi ilikatika, kwamba alimwambia msimamizi mara tatu. Aliandika kwa hofu, akifuta kila neno la pili, na ule mwandiko mzuri wote ukapotea. Ndugu Stefano aliipokea shingo upande, lakini barua ya kumfukuza iliondolewa. Laurinda alipopata habari mlangoni kwake Chuno aliingia ndani akainjika ugali.

Yustina angeweza kuishia hapo. Mwili wake wote ulimwomba aishie hapo. Badala yake akaomba faili la ajali zote, akalipekua akiwa amesimama. Zilikuwamo fomu kumi na moja za miaka minne, miandiko kumi na mmoja tofauti, na sababu moja. Wengi walikuwa wamechubuka tu wakarudi kazini. Mmoja aliachishwa: Kasiani, wa mashine ya kubangulia, aliyekatwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Ndugu Stefano alisema shauri la Kasiani lilishafungwa, hata hivyo akampa fomu tupu, bila kumwahidi kitu.

Jumapili Yustina hakwenda kanisani. Alipanda lori la kijiji hadi Mahurunga, akamkuta Kasiani akipalilia mihogo, mpini wa jembe ameufunga kitambaa ili usimteleze. Kasiani alifurahi kupita kiasi. Alimtuma mkewe, Amelia, alete kigoda, akanawa mikono, na kabla mgeni hajatua vizuri akauliza jambo ambalo yaonekana alikaa nalo miaka miwili.

"Mwalimu, ile fomu yangu uliiona? Nilijaza kwa nkono wa kushoto. Nilipata zote?"

Yustina alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yakamkimbia.

"Ulipata zote," alisema. "Mimi ndiye niliyekufundisha vibaya. Ile sababu niliiandika tu, Kasiani. Haikuwa yako."

Kasiani alicheka kidogo kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mkubwa anayejishusha. Kisha akavuta kigoda kingine karibu na kuomba aambiwe jibu lenyewe ni lipi, alishike, safari hii asikosee.

"Jibu silijui," alisema Yustina. "Mimi sikuwepo. Siku ile ilikuwaje?"

Kasiani akamtazama mkewe, kisha ule mkono wake. Miaka miwili ilikuwa imepita, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.