Kipa wa Mistari

Kundi liliitwa Ngazi kwa sababu lilizaliwa kwenye ngazi za jengo la ghorofa ambalo lifti yake ilikuwa imekufa zamani. Sauti ilivuma vizuri mle, na majirani waliwamwagia maji kila walipochoka kuwafukuza kwa maneno. Walikuwa watatu: Radi, mwenye sauti na mistari; Sindano, aliyepiga biti kwenye ndoo kabla ya kupata mashine; na Kipa, ambaye kazi yake ndiyo habari yenyewe.

Radi alikuwa na kipaji cha kutisha na pumzi ya kifaranga. Mstari ukiwa mrefu, ulimkatikia mwishoni. Basi Kipa akawa anasimama nyuma ya bega lake, ametega masikio, na neno la mwisho analidaka yeye, Radi avute hewa na kuanza mstari mwingine. Watu wakadhani ni mtindo. Magazeti yakaandika kwamba Ngazi wameleta mtindo mpya, na wao, vijana wasio na haya, wakaitikia kwamba naam, tumeubuni wenyewe. Jina la Kipa lilitoka hapo. Mamake alimpa jina zuri tu, lakini hakuna aliyelitumia isipokuwa mama mwenyewe.

Wimbo wa kwanza ulipigwa redioni mpaka watoto wa chekechea wakaujua. Wa pili ukajaza uwanja. Wa tatu, tusidanganyane, ulikuwa mbovu. Albamu ikala vumbi madukani, promota akaacha kupokea simu, wakaja vijana wapya na nyimbo zao za kunong'ona kama wanaogopa kuamsha mtoto. Sindano alisoma alama za nyakati: akafungua duka la mapazia, akanenepa. Radi na Kipa wakabaki wanaimba kwenye harusi, kwenye uzinduzi wa sabuni, kwenye duka la simu mchana kweupe mbele ya mlinzi na mteja aliyekuja kubadilishiwa chaja.

Kipa hakuoa. Alikuwa na Ngazi, na nyumbani kwa Radi alikuwa na sahani yake na shemeji wa kumtania.

"Mke mwenzangu umefika?" shemeji alikuwa akimwambia mlangoni. "Mumeo yuko ndani, amenuna."

Ndipo ikaja simu kutoka kwa mwenye ukumbi mkubwa kuliko yote mjini. Anaandaa tamasha la nyimbo za zamani, na anataka Ngazi ndio wafunge shoo. Kipa alijifungia bafuni akalia kwa furaha. Katika mazoezi ya tamasha hilo hilo, Radi akaanza kuangusha maneno.

Mwanzoni lilikuwa neno la mwisho, kama kawaida yake. Halafu mawili. Halafu nusu nzima ya mstari. Anaanza, anakwama, anageuka kumtazama Kipa kwa tabasamu la mtu aliyefika sokoni akasahau alichotumwa. Kipa anadaka. Mdomo wake ulikuwa umezoea, haukungoja ruhusa. Ikawa hata mezani.

"Mke wangu, nisogezee ile..."

"Chumvi," Kipa anasema, macho kwenye sahani.

Shemeji alikuwa fundi cherehani, na jicho lake halikupitwa na uzi uliokwenda upande. Siku moja alimfuata Kipa hadi nje.

"Shemeji, niambie ukweli. Huyu mtu yuko sawa? Jana ameniita dada."

"Uchovu tu, shemeji. Mazoezi yamekuwa mengi. Tamasha likipita atapumzika."

Alijua anadanganya. Hapa sina haja ya kumfunika: alijua. Hakujua ni ugonjwa gani, lakini aliona rafiki yake anapungua siku baada ya siku, na aliogopa. Aliogopa zaidi jambo jingine. Bila Radi hakuna Ngazi, na bila Ngazi yeye ni mtu mzima wa kupanga chumba, mwenye kofia ya kijana na hadithi zinazochosha watu.

Shemeji hakuridhika. Aliweka miadi na daktari, lakini siku ilipofika alikuwa na gauni la bibi harusi mkononi na bibi harusi mwenyewe analia sebuleni. Akamwomba Kipa ampeleke Radi. Angemwamini nani mwingine?

Daktari alikuwa kijana, na foleni ilifika hadi kwenye geti.

"Leo siku gani, mzee?"

"Leo ni..."

"Alhamisi," akadaka Kipa.

"Una watoto wangapi?"

"Ninao..."

"Wawili, wote wa kike."

Daktari akaangua kicheko. Alikuwa amekua na nyimbo zao, akaamini wakongwe wanamwonjesha ule mtindo wao bure, pale pale kwenye kiti cha mgonjwa. Akaendelea kuuliza, nao wakaendelea kumjibu, mmoja akianza na mwenzake akimaliza. Akaandika dawa za presha, akaomba apige nao picha. Kipa alitoka pale kifua mbele, kana kwamba wameshinda kitu.

Usiku wa tamasha ukumbi ulifurika. Radi alitoa mstari wa kwanza wote, safi, watu wakapagawa. Wa pili akautoa nusu. Kufikia wimbo wa mwisho alikuwa anafungua mdomo tu, na Kipa ndiye anayeimba beti nzima nyuma ya bega lake, jasho linamchuruzika. Watu wakashangilia kwamba wazee hawajachuja. Radi akageuka, maiki mdomoni.

"Hawa watu wote wanataka nini?"

Ukumbi mzima ukacheka.

"Wanataka Ngazi!" Kipa akadaka, na kelele zikapasua paa. Shemeji peke yake, katika safu ya mbele, hakucheka. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda jukwaani Radi alipoanguka na kuanza kutetemeka mwili mzima.

Hospitali walimpiga picha ya kichwa. Daktari bingwa, mama mwenye mvi na sauti ya chini, aliwaonyesha uvimbe kwa ncha ya kalamu.

"Ungewahiwa, tungeukata. Sasa umekwenda kusikofikika. Sielewi alivyofika huku bila mtu kuona dalili."

"Niliona," shemeji alisema. "Alipelekwa kwa daktari, tukaambiwa ni presha tu."

Daktari aliwaomba wakae nje, ampime kwa maswali. Waliketi kwenye benchi la ukutani. Mlango haukufungwa vizuri, kila neno likawafikia.

"Leo siku gani, baba?"

"Leo ni..."

Midomo ya Kipa ikacheza. Hakutoa sauti, lakini ilicheza, na shemeji alikuwa anaitazama.

"Una watoto wangapi?"

"Ninao..."

Ikacheza tena. Kipa akaifunika kwa kiganja, ameshachelewa.

"Kule kwa yule daktari wa kwanza," shemeji alisema taratibu, "ulimjibia?"

Kipa alitaka kusema ni mazoea, ni mdomo tu. Alitaka kusema kwamba anampenda yule mtu kuliko ndugu yake wa tumbo moja, na hilo lilikuwa kweli tupu. Kiganja hakikutoka mdomoni.

"Na mkeo?" daktari aliuliza ndani. "Mkeo anaitwa nani?"

"Mke wangu..."

Kisha ikaja ile sauti iliyokuwa ikijaza viwanja, sasa imekuwa ndogo, ya kuomba.

"Kipa? Uko wapi, Kipa? Nimalizie."

Kipa aliinuka nusu, akarudi kukaa. Shemeji ndiye aliyesimama. Alimpita bila kumtazama, akasukuma mlango, akaingia kumtajia mumewe jina lake yeye mwenyewe.