Ndizi za Bluu

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na fundi yeyote atakwambia kwamba mkasi wa kitambaa haukatiwi karatasi. Ukiukatia karatasi unakuwa butu, kesho unatafuna nguo ya mteja. Hakuna mtoto aliyewahi kuugusa mkasi wa Shangazi masikio yake yakabaki salama. Lakini siku hiyo aliutoa mwenyewe, akauweka mezani mbele ya watoto wa kaka yake.

"Kateni," alisema. "Kateni kabla akili hazijanirudia."

Mama yao alikuwa anarudi jioni hiyo kutoka hospitali. Jicho moja kisukari kilishalimaliza zamani. La pili ndilo lililokuwa limebaki, na ndilo lililopasuliwa. Siku ya kuondoka aliwaambia wanawe, "Nikirudi nataka nikute rangi humu ndani. Matunda, maua, chochote kile. Nataka nikiingia tu, nione." Basi watoto wakalishika neno hilo, hawakulala wala hawakumpa mtu usingizi, matunda, matunda, mpaka Shangazi akasalimu amri.

Walikuwa wasichana wawili. Mkubwa walimwita Hakimu, kwa sababu ugomvi wowote nyumbani lazima atoe hukumu, aombwe asiombwe. Mdogo walimwita Pengo. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka yote kwa mpigo, na alikuwa akijivunia uwazi huo ajabu.

Jana yake kaka alikuwa amepiga simu. "Haya, anaona?" Shangazi alimuuliza. Kaka akakohoa. "Tuone itakavyokuwa," alisema. Lo! Kaka yake alikuwa mtu wa ndiyo au hapana tangu utotoni. Alipoanza kumung'unya maneno, Shangazi alijua kuna jambo. Lakini watoto walikuwa wamemkodolea macho, ikabidi apige moyo konde. "Mama anawasalimu," aliwaambia.

Kazi ikaanza. Karatasi zilikuwa za kalenda ya mwaka uliopita, upande wa nyuma mweupe. Gundi ilikuwa unga wa ngano uliokorogwa motoni mpaka ukavutika. Shangazi akawaonyesha: unakata miduara inayolingana, kila mmoja unaukunja katikati, halafu unaigandisha mgongo kwa mgongo mpaka chungwa livimbe lenyewe. Ndizi zilikatwa kwenye boksi la sabuni ili zisilegee. Rangi zilitoka jikoni. Manjano ya mchuzi yalipaka machungwa na maembe, maji ya bitiruti yakapaka matofaa, na mchicha uliotwangwa ukatoa majani ya nanasi. Pengo alikuwa na gundi hadi kwenye nyusi.

Manjano yakaisha kabla ya kuzifikia ndizi. Shangazi alikung'uta kopo, akapuliza ndani, hakukutoka kitu. Wakati anafikiria amgongee jirani yupi, Pengo akatokea uani, mikono imelowa bluu ile ya kufulia mashuka, na ndizi zote ameshazipaka.

"Wewe! Umeona wapi ndizi ya bluu?"

"Sijaona," alisema Pengo. "Ndiyo maana mama atacheka."

"Ndizi ni ya njano," Hakimu alihukumu. "Hizo zitupwe."

"Hazitupwi! Mama akiziona atacheka mpaka ashike mbavu!"

Na kweli, mama yao alikuwa na kicheko hicho, kicheko cha kuwafanya majirani waulize kuna nini kwenu. Shangazi alizitazama zile ndizi. Akicheka, basi anaona, alijisemea. Asipocheka, je? Alizitungia uzi huku akijua kwamba jibu ambalo kaka yake amelimeza, ndizi hizi zitalitapika mbele ya watoto. Angeweza kuzitupa. Hakuzitupa, alikuwa na hamu ya kile kicheko kuliko hata Pengo.

Wakafunga uzi kutoka dirishani hadi kwenye kabati, matunda yakaning'inia usawa wa uso wa mtu mzima. Chumba kikapendeza, usiseme.

Jua lilikuwa halijazama walipoingia. Kaka alikuwa amemshika mkewe kiwiko, na mke alikuwa anatabasamu, uso kaelekeza dirishani, hali watoto wamesimama upande wa pili kabisa.

"Mama, tazama!" Pengo alipiga kelele.

"Nimeona! Nimeona, wanangu, jamani!" Mkono wake ukapanda hewani, ukapapasa, ukaupata uzi. Vidole vikashika duara lililovimba. "Machungwa haya, mazuri!" Vikasogea, vikapita kwenye kitu kirefu kilichopinda. "Na ndizi! Hizi zimeiva. Njano hiyo, mpaka natamani kuzimenya!"

Pengo alikuwa bado anasubiri, mdomo wazi, pengo lote nje. Halafu akapiga makofi.

"Mama anatania! Mama anajifanya haoni!"

Akacheka peke yake, akajitupa chini kwa kucheka. Mama yake aliposikia kicheko naye akacheka, maskini, hajui anachekea nini. Kaka alikuwa akitazama sakafu. Hakimu hakucheka. Alitazama ndizi, akatazama macho ya mama yake, kisha akamgeukia Shangazi, na Shangazi akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akamshika wifi yake mkono, akampeleka jikoni, akarudisha mlango.

"Wifi," mgonjwa alinong'ona, "nimekosea wapi?"

"Ndizi ni za bluu."

"Za bluu?"

"Manjano yaliisha. Pengo alitaka ucheke."

Mama wa watoto alitafuta ukuta kwa mgongo, akauegemea. Daktari, alisema, amemwambia asirudi tena kwa ajili ya jicho hilo. Hakuna kilichobaki cha kupasua.

"Na wewe ukaona bora uje kutuchezea kiinimacho?" Shangazi alifoka kwa sauti ya chini, machozi yakimtiririka. "Mficha maradhi kifo humuumbua, hukuambiwa kwenu?"

"Leo tu, wifi. Nilitaka leo tu waone wamenifurahisha. Kesho ningewaambia."

"Hakimu ameshajua."

"Hajui. Yule bado mtoto."

Sebuleni kitu kikaburutwa sakafuni. Shangazi akafungua mlango kidogo, akachungulia. Hakimu alikuwa anaondoa viti katikati ya chumba, kimoja kimoja, anavisukuma hadi ukutani. Alishaliondoa beseni lililokuwa mlangoni. Pengo alikuwa amekalia kiti chake, anakataa kushuka.

"Mimi nakaa hapa!"

"Shuka," Hakimu alisema. "Hapa hakikai kitu tena. Hapa ni njia."

Mama yao aliinua kichwa. "Nani anaburuta viti?"

"Mimi, mama," Hakimu alijibu. "Nafagia."

Hakuwa na ufagio. Shangazi alimwona, midomo ameibana, akimwinua mdogo wake pamoja na kiti chake.

"Haya, fagia vizuri, mwanangu," mama yao alisema. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akasikiliza mpaka kiti cha mwisho kilipogonga ukuta.