Dakika ya Arobaini

Kazini wananiita Masikio, na jina nimelistahili. Miaka ishirini na miwili nimekaa chumba cha chini cha Bunge, vipokea sauti masikioni, nikiandika taarifa rasmi ya kila linalosemwa ukumbini. Redio ikinasa makelele matupu, mimi nasikia maneno, kwa sababu kila kipaza sauti kina waya wake unaofika mezani kwangu.

Siku ile Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, alikuwa anatetea bajeti yake. Msimamo wake ulikuwa ule ule wa tangu kampeni: dawa za zahanati kwanza, magari ya mawaziri baadaye. Wapinzani walimcheka. Wa chama chake, waliokwisha kunusa magari mapya, wakacheka chini chini. Dakika ya arobaini ukumbi ukalipuka kwa kuzomea, na katikati ya zogo hilo akasema, bila kupandisha sauti: "Mwaka ukiisha na kuna zahanati hata moja isiyo na dawa, nitajiuzulu."

Nikarudisha mkanda, nikasikia tena. Hivi huyu mama kalogwa? Zahanati mia nane, barabara zenyewe ndizo hizo, na wanaomngoja ateleze hawana idadi. Mimi si mtu wa siasa, lakini nina mabinti wawili, na nilitaka mwanamke huyu adumu. Basi nikaandika: "nitatafakari nafasi yangu." Hakuna aliyesikia, nikajiambia. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kanuni zetu zinampa msemaji siku moja ya kusahihisha rasimu, na wakubwa wengi hutuma katibu. Kesho yake saa tatu asubuhi mlango ulifunguka akaingia mwenyewe, rasimu mkononi, mshauri wake akimfuata mbiombio.

"Habari za kazi, dada. Naomba kusikia dakika ya arobaini."

"Mheshimiwa, iache ilivyo," mshauri akasihi. "Redio haikunasa kitu. Hii ni bahati ya mtende!"

"Wewe umekuja kunisindikiza au kunifundisha nilichosema?"

Alisikiliza amesimama, kipokea sauti kimoja sikioni. Akakiweka mezani. "Haya ndiyo niliyosema. Nani kabadilisha?"

Ningeweza kusingizia kelele. "Ni mimi, Mheshimiwa. Niliogopa watakumaliza."

"Ukiniwekea mlango wa nyuma, mawaziri wangu wote watapitia humo humo. Na dawa hazitafika." Akavuta kiti, akaketi. "Umekaa hapa miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Wanaume wangapi wamejiponza kwa ndimi zao humo ukumbini?"

"Hawahesabiki, Mheshimiwa."

"Na wangapi kati yao uliwalainishia maneno?"

Nilitafuta. Yule aliyetukana majaji. Yule aliyeapa kuhama nchi daraja lisipokwisha, na halikwisha. Wote niliwaandika neno kwa neno, tena kwa raha zangu. Aibu ilinishika, masikio haya ninayosifiwa yakawaka moto.

"Hakuna," nikasema. "Hata mmoja."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Fomu ya marekebisho ina nafasi ya kujaza sababu. Mshauri akapendekeza "hitilafu ya mitambo," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama. Waziri Mkuu alininyooshea kalamu bila kumtazama. Nikaandika: "Mwandishi alimhurumia msemaji kwa kuwa ni mwanamke." Nikatia sahihi, nikijua fika kwamba barua ya onyo itanifuata kabla ya Ijumaa. Yeye akasoma polepole, akatia yake chini ya yangu.

"Sasa niandike kama ulivyowaandika wao," akasema.

Akabaki kitini akiniangalia vidole, mpaka nilipofika kwenye nukta.