Ndege ya Saa Moja

Macho ya wale samaki yalikuwa bado yanang'aa. Nanyama aliliona hilo kabla hajawatoa kwenye gazeti, na mkono wake ukasimama juu ya karai.

Samaki wa Kisumu hufika Nakuru kwa gari moshi, baada ya kulala njiani, macho yameshakuwa meupe kama ya mbwa mzee. Hawa hata mashavu yao ya ndani yalikuwa mekundu. Samaki wabichi namna hii hutoka karibu. Hutoka ziwa la Naivasha.

"Umewatoa wapi, Baba Khisa?"

"Kisumu," alijibu Wasike, mumewe, akivua viatu. "Si nilikwambia Bwana wangu wa kazi ananipeleka kutengeneza pampu? Tumeruka kutoka uwanja wa Lanet. Ile ndege ni ya saa moja."

Nanyama akachukua kisu, akaanza kuparua magamba. Lakini moyo haukutulia. Saa moja asubuhi, king'ora cha reli kilipolia, Wasike alikuwa papa hapa kwenye kigoda, anakunywa uji. Alitoka jua limeshapanda. Hiyo ndege ya saa moja aliikuta wapi?

Kesho yake, bombani, alimweleza jirani yake Nasimiyu, mtu ambaye akiona moshi huongeza kuni.

"Aende Kisumu na kurudi siku hiyo hiyo? Dada, huyo ana jiko Naivasha."

"Labda..."

"Hiyo labda imewaponza wenzako wengi."

Nanyama akarudi nyumbani, akafunga nguo zake na za mtoto kwenye shuka, akakaa kitandani kumngoja mumewe. Angekwenda kwa mama yake Kimilili, na wenye kucheka wacheke.

Wasike aliingia jioni, akaliona lile furushi. "Nani amekufa?"

"Saa moja ulikuwa hapa unakunywa uji," alisema Nanyama, akitazama sakafu.

Wasike alisimama akiwaza. Alipoelewa alianza kucheka, akaona uso wa mkewe, akaacha.

"Sikusema inaruka saa moja, Mama Khisa. Nilikuwa na maana mwendo wake ni wa saa moja. Tukiinuka hapa, saa haijaisha tumetua Kisumu."

"Gari moshi husafiri usiku kucha."

"Gari moshi hupanda milima ya Mau likijikunja kama nyoka, maili mia na zaidi. Kule juu huzunguki mlima. Unakata moja kwa moja, na maili hazifiki mia."

Maneno yaliteleza mno. Baba yake Nanyama alikuwa mtu wa reli, na hakuwahi kusikia maili zikipungua kwa ajili ya mtu mwenye haraka.

"Nani alikuona huko?"

"Bwana."

"Na mimi nitamuuliza Bwana?"

Wasike akavua saa yake ya mkononi, akamwekea kiganjani. "Jumamosi tunakwenda tena. Njoo Lanet, uone tukiruka, ushike saa hii mpaka turudi. Ukiona nimedanganya, beba furushi lako."

Ilikuwa haki. Nanyama aliitazama ile mishale, mmoja mfupi, mmoja mrefu. Tangu amwoe, Wasike alijigamba kwa rafiki zake kwamba mkewe amesoma, naye hakuwahi kumsahihisha. Sasa angekaa uwanjani siku nzima, kisha amwamini au amwache kwa kubahatisha?

"Baba Khisa," alisema, "mimi nilitolewa shule kabla hatujafundishwa saa. Sijui kuisoma."