Keekee Isiyo na Waya

Paskali alikuwa fundi seremala wa kijiji kipya cha ujamaa, hatua chache kutoka njia panda ya Mkiwa, na mikono yake ilizoea keekee ya kutobolea mbao, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mhandisi wa barabara alipohama akamwachia keekee ya umeme, ile isiyochomekwa popote, Paskali alifurahi kama aliyepewa ng'ombe mwenye maziwa. Lakini betri iliyokaa ndani ya mpini ilikufa kabla hajamaliza dawati la kwanza, na watoto wa shule mpya walikuwa bado wanakaa chini kwenye vumbi.

Hakukubali kurudi nyuma. Aliitoa betri iliyokufa, akaunga nyaya mbili mahali pake, akaenda kuazima betri kijijini. Ya kwanza ilikuwa ya pikipiki ya Chrispin, bwana shamba. Ili waone kasi, mkewe Hana alifunga uzi mwekundu kwenye shingo ya keekee, ile inayozunguka na ncha. Paskali akabonyeza. Uzi ulizunguka kivivu, na ncha ikaingia kwenye ubao kwa kujikongoja.

"Inatoboa, Baba Sara," Hana alisema.

"Inatoboa kama kibogoyo anayetafuna mahindi ya kuchoma. Nataka yenye nguvu."

Nguvu ilikuwa kwenye trekta la kijiji. Mughwai, dereva kijana, alikuja na betri lake begani, akitweta.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Weka hapa mezani."

Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukoko mweupe, alama hazionekani. Paskali alifunga waya wa kushoto kushoto na wa kulia kulia, kama alivyofanya kwa ile ya pikipiki. Alipobonyeza, keekee ililia kama nyuki waliochokozwa. Uzi haukuonekana tena, ila duara jekundu tu. Waliokuwa wakitoka shamba la pamoja walisimama na majembe yao mabegani, wakashangilia.

Akaigusisha kwenye ubao. Haikuingia. Akaikandamiza kwa kifua. Moshi ukafuka, ubao ukaungua mduara mweusi, tundu hakuna.

Shangwe zikakatika. Paskali alibadilisha ncha. Hakuna. Akaleta ubao laini zaidi. Moshi tena. Akarudisha betri ya pikipiki, na keekee ikatoboa, polepole vilevile.

"Dhaifu anatoboa, mwenye nguvu anapapasa," alisema. "Hii ni akili gani?"

"Labda mbio zimezidi, fundi," Mughwai alijaribu. "Haipati nafasi ya kuuma."

Maneno hayo yalimwingia, kisha yakamtoka. Tangu lini panga likashindwa kukata kwa kuwa limeshuka kwa kasi?

Alipofunga tena betri la trekta, Hana alisogea. "Bonyeza kidogo tu, halafu achia."

Alifanya hivyo. Uzi ulizunguka, ukapunguza mwendo, na wote wakauona.

"Mbona unaelekea huku?" Hana aliuliza, akizungusha kidole. "Ile ndogo ilikuwa inaelekea kule."

Paskali alimtazama mkewe, akatazama uzi. Kisha, kwa kukosa la kufanya, akazibadilisha zile nyaya, wa kushoto kulia, wa kulia kushoto. Akabonyeza. Keekee iliuma ubao ghafla, ikampindua kiwiko, ikachubua vidole vyake na kutokea upande wa pili. Watu wakapiga kelele. Yeye alikuwa ananyonya damu kidoleni, amekunja uso.

"Kwani moto wa betri una kulia na kushoto?"

"Mimi naendesha trekta tu, fundi," Mughwai alisema.

Chrispin alipokuja kuchukua betri yake alieleza habari za chanya na hasi, kwamba nyaya zikigeuzwa keekee huzunguka kinyume, na ncha hukwaruza badala ya kuuma. Paskali aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Moto ni uleule, mashine ni ileile. Sasa nani anaiambia izunguke upande upi?

"Umemwelewa?" Hana alinong'ona.

"Hata kidogo. Nishikie ubao."

Akatoboa tundu jingine, akilitazama kwa mashaka, kana kwamba lingeweza kujiziba.