Wakulima Kumi na Mmoja, Siku ya Kwanza

Orodha ya kuchoma miwa kabla ya kuikata ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chama chetu cha wakulima, Kidodi. Ilichapwa vizuri kuliko zote za nyuma: jina, shamba, halafu siku ya mwezi. Mimi nilipangiwa siku ya 1. Jirani yangu Melkizedek pia. Nilihesabu, tukawa watu kumi na mmoja wa siku ya 1.

Niliacha shule darasa la tano, lakini najua kundi la wakataji ni moja na hukata shamba moja kwa siku. Miwa iliyochomwa isipokatwa upesi, sukari hupungua na kiwanda huikataa. Asubuhi ya tarehe mosi nilimkuta Melkizedek na kiberiti mkononi, majirani wameshika matawi mabichi ya kuzuia moto. Nikamwambia asiwashe. Akabisha, nikamwita mpumbavu, nikapanda pikipiki kwenda ofisini.

Katibu, Yudith, aliniamkia, nikaitikia, nikamweleza. Hakununa. Alifungua programu aliyoiandika mwenyewe kwa Perl, lugha ya kompyuta. Tarehe zilizohifadhiwa zilikuwa sahihi, yangu ilikuwa 14. Kosa lilikuwa kwenye umbo la mstari, yaani alama anazopanga ili programu ijue kila safu iwe na upana gani inapotoa maandishi kwenye skrini. Kwenye safu ya siku aliweka alama moja tu.

"Alama moja ni nafasi ya tarakimu moja, baba. Inayozidi inakatwa."

"Na hukuiona?"

"Nilijaribu kwa tarehe za mwanzo wa mwezi tu."

Akaongeza alama ya pili, akaiendesha tena. Orodha ikashuka kwenye skrini, imenyooka kama mistari ya miwa michanga. Hiyohiyo akaituma kwenye printa. Nikaisoma kwa kidole: 10, 14, 17. Nikafika kwa Melkizedek. Siku ya 1.

Nikampigia simu.

"Washa," nikamwambia.

Akaniuliza, "Mpumbavu ni nani sasa?"

"Mimi. Washa kabla upepo haujaanza."

Nikiwa njiani kurudi, orodha mpya mfukoni, niliuona moshi wake umesimama wima juu ya shamba. Nikaongeza mwendo. Kwenye zamu ya matawi alikuwa amepungua mtu mmoja, mimi.